Wahandisi chipukizi na karakana iliyo kando ya chemchemi, Kitale na Bungoma

MWANAFUNZI wa uhandisi au wa ufundi nchini Kenya hawezi kusema amehitimu mpaka atoke darasani, akae mahali pa kazi kwa muda, aghalabu wiki 12, kisha arudi chuoni na daftari lililotiwa saini na msimamizi wake. Kipindi hicho, ambacho siku hizi huitwa utarajali, kimewafanya vijana wengi wa Kitale na Bungoma kuzunguka na bahasha za barua za maombi kwa majuma kadhaa.

Zamani mzunguko huo haukuwa mrefu. Bungoma kulikuwa na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye na kile cha sukari cha Nzoia. Kitale kulikuwa, na bado kuna, kampuni ya mbegu ya Kenya Seed iliyoanzishwa mwaka 1956. Fundi wa umeme, wa mitambo au wa mabomba alijua pa kubisha hodi.

Pan Paper ilifunga milango mwaka 2009. Ingawa ilipata mwekezaji mpya mwaka 2016, Webuye haijarudia hali yake ya zamani. Kiwanda cha Nzoia nacho kimepitia miaka mingi ya madeni na kusimama kwa mitambo. Wakati huohuo idadi ya wanaotafuta nafasi imeongezeka: Chuo cha Kiufundi cha Kitale kilipandishwa hadhi kuwa chuo cha kitaifa mwaka 2016, na Bungoma ina taasisi za Sang'alo na Kisiwa, bila kusahau vyuo anuwai vya vijijini.

Ilhali milango ya viwanda imepungua, kazi za ufundi zenyewe hazijapungua. Zimetapakaa vijijini na katika mitaa ya mabanda: chemchemi zisizokingwa, pampu za mkono zilizokufa, vivuko vilivyosombwa na mahindi yanayooza kwa kukosa kukaushwa. Swali ni iwapo kazi hizo zinaweza kumfunza kijana uhandisi wa kweli, au zitamfanya kibarua wa kubeba mchanga.

Mfano mzuri ni chemchemi. Miteremko ya Mlima Elgon na vilima vya Bungoma ina chemchemi nyingi ambazo ndizo tegemeo la maelfu ya familia. Kuikinga moja ni kazi inayoonekana rahisi. Maji hufuatwa kwa jembe hadi pale hasa yanapobubujika, mawe na kokoto safi hupangwa, ukuta wa saruji hujengwa mbele na bomba hupenyezwa ukutani. Juu ya mawe hutandazwa plastiki nzito na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Mtaro huchimbwa upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando, na ua huzungushwa ili ng'ombe wasifike.

Ugumu umo katika vipimo. Bomba likiwekwa juu ya usawa wa jicho la chemchemi, maji husukumwa nyuma, nayo chemchemi hutafuta njia nyingine ardhini. Ukuta hubaki umesimama, umepakwa rangi na kuandikwa jina la mfadhili, bila tone la maji. Mwanafunzi aliyesoma shinikizo la maji ubaoni kwa mihula miwili huenda akalielewa siku hiyo moja.

Kuna kosa jingine ambalo kalenda ya vyuo hulichochea. Wengi huenda nyanjani kati ya Mei na Agosti, miezi ya mvua katika eneo hili. Tuseme mwanafunzi anaweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba na kuona inajaa kwa sekunde 40. Hizo ni lita 1,800 kwa saa; kwa saa 12 za kuteka, lita 21,600. Kwa kadirio la lita 20 kwa kila mtu, ataandika kwamba chemchemi inatosha watu 1,080. Lakini ndoo hiyohiyo ikichukua sekunde 100 kujaa mwezi wa Februari, watakaotosheka ni 432 tu. Hao wengine zaidi ya 600 watakuwa kwenye foleni saa kumi za alfajiri. Akina mama wanaoteka hapo kila siku wanaijua tofauti hiyo bila ndoo wala saa, na kijana asiyewauliza atajenga kwa hesabu ya mvua.

Faida ya kazi hii si ya kukisiwa. Utafiti mkubwa uliofanywa katika chemchemi za Busia, jirani na Bungoma, na kuchapishwa mwaka 2011, ulibaini kwamba kukinga chemchemi kulipunguza uchafu wa vijidudu katika maji yanayotoka bombani kwa takriban thuluthi mbili, na maradhi ya kuhara kwa watoto kwa karibu robo. Hata hivyo, maji yaliyopimwa majumbani hayakuwa yameboreka kwa kiasi hicho, kwa kuwa huchafuka tena katika mitungi na wakati wa kuyachota. Hilo ni somo ambalo halipatikani kiwandani: kazi ya mhandisi haikomi kwenye mdomo wa bomba.

Vilevile kuna suala la ardhi. Chemchemi nyingi zimo ndani ya shamba la mtu. Kabla ya jembe la kwanza, sharti mzee mwenye shamba akubali njia ya kupita, kamati iundwe, na ijulikane ni nani atakayezibua mtaro baada ya mgeni kuondoka. Kijana mwenye haraka ya kujaza daftari huyaona mazungumzo hayo kuwa upotevu wa siku. Ndiyo sehemu ya kazi inayoamua kama ua utakuwapo mwaka ujao au utakuwa kuni.

Mjini Kitale mambo hayo yalijaribiwa kwa mapana zaidi. Kati ya mwaka 2001 na 2004, shirika la ITDG, ambalo baadaye lilichukua jina la Practical Action, lilishirikiana na baraza la mji na wakazi wa mitaa kama Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa (huu ni mtaa wa Kitale, si gereza la Mombasa) kupanga na kujenga njia, vivuko, maji na vyoo. Wakazi ndio waliotaja kipi kianze.

Pampu ya mkono ya Afridev, inayoonekana katika visima vingi, nayo ina asili ya namna hiyo. Iliboreshwa katika miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyofanywa Kwale, pwani ya Kenya, kusudi wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe. Matengenezo yake mengi huhitaji spana moja tu. Mwanafunzi wa mitambo anayeifungua, akabadilisha mipira iliyochakaa na kumwelekeza mtu wa kamati hadi aifunge peke yake, amefanya kazi mbili kwa siku moja.

Kwa nini basi utarajali wa aina hii haujashika mizizi? Sababu mojawapo inachekesha kidogo. Fomu za vyuo hutaka saini na muhuri wa mwajiri, na kamati ya chemchemi haina muhuri. Aidha, hakuna fundi mkuu wa kumsimamia kijana, wala bima iwapo udongo utaporomoka akiwa shimoni. Hili la mwisho si la mzaha: hakuna mzazi anayepaswa kuambiwa kwamba mwanawe alikuwa akijitolea.

Ufumbuzi hauhitaji sheria mpya. Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti vyuo anuwai vya vijijini na pia huduma za maji. Maana yake ni kwamba mwenye wanafunzi na mwenye mabomba ni serikali moja, ingawa ofisi zao huenda zisisalimiane. Idara ya maji ya kaunti inaweza kuwa mwajiri kwenye karatasi, ikatoa mhandisi wa kukagua vipimo na kupiga muhuri.

Fedha nazo zipo mahali pake. Waajiri hutozwa Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, ada inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) kwa ajili ya mafunzo. Nauli, buti na bima ya kijana mmoja kwa wiki 12 si mzigo mkubwa zikilinganishwa na ukuta mkavu.

Kinachobaki ni ziara ya pili. Vyuo humtuma mkufunzi kumkagua mwanafunzi akiwa kazini. Ni nadra kazi yenyewe kukaguliwa baada ya wote kuondoka. Ziara ya Februari, yenye ndoo moja na saa, ingeonyesha ni nani aliyestahili alama alizopewa Agosti.