Gemu za Zamani: Fedha Zimekimbilia Pasipo na Haja

Julai 2021, kampuni ya mnada ya Heritage ya Dallas, Marekani, iliuza kaseti moja ya Super Mario 64 kwa dola milioni 1.56. Haikuwahi kuchezwa, ilikuwa bado ndani ya boksi na nailoni yake ya kiwandani. Mwezi uliofuata, nakala ya Super Mario Bros. iliyofungwa vivyo hivyo ikauzwa dola milioni 2. Bei za namna hii zimewafanya baadhi ya watu waone gemu za zamani ni mali ya kuweka akiba, na wengine waone ni wazimu wa matajiri. Kwa maoni yangu, kuzikusanya bado kuna maana, ila fedha nyingi zimekimbilia pasipo na haja. Super Mario Bros., iliyotoka 1985, iliuzwa zaidi ya nakala milioni 40. Haijapotea wala haitapotea: mwenye Nintendo Switch anaicheza leo kwa ada ya uanachama ambayo Marekani ni kama dola 20 kwa mwaka. Kilichoadimika ni nailoni. Aliyetoa milioni 2 atakula kwa macho tu, maana siku akiichana ili acheze, thamani imekwisha.

Wapo wanaosema huo nao ni uwekezaji kama mwingine. Lakini tazama kilichozipandisha bei hizo. Walionunua kwa wingi wakati wa korona walikuwa watu wazima waliofungiwa nyumbani, wenye kipato, wanaotamani utoto wao wa miaka ya 1980 na 1990. Kampuni za kupima ubora wa boksi na kulifungia ndani ya plastiki ngumu zikaipa biashara sura ya kitaalamu, na walanguzi wakafuata. Kisha soko la boksi zilizofungwa likapoa. Hitaji linalotegemea kumbukumbu za kizazi kimoja huzeeka pamoja na kizazi hicho, na kijana aliyekua na simu mkononi halazimiki kuinunua hamu ya baba yake. Ni kweli zipo kaseti adimu hasa, kama zile za mashindano ya Nintendo World Championships ya 1990, zilizotengenezwa 90 za kijivu na 26 za rangi ya dhahabu. Hizo ni za makumbusho na mabilionea, tuwaachie.

Mnunuzi wa kawaida ana hesabu nyingine ya kupiga, na bei ya dukani ni mwanzo tu. Kaseti nyingi za zamani hutunza kumbukumbu ya mchezo kwa betri ndogo ya duara iliyochomewa kwa risasi kwenye bodi. Katika Pokémon Gold ya 1999 betri hiyohiyo huendesha pia saa ya ndani, hivyo huisha mapema zaidi. Fundi anaweza kuibadilisha, lakini akishaing'oa, yote yaliyotunzwa humo yamefutika. Mashine nazo huchakaa: Game Gear ya Sega inajulikana kwa kapasita zinazovuja na kula bodi. Bunduki ya kuchezea gemu ya Duck Hunt haifanyi kazi kwenye runinga bapa, kwa sababu inategemea kusoma mwanga wa skrini papo hapo mtu anapofyatua; inataka TV ya kichogo, ambayo wengi wameshaitupa. Juu ya hayo kuna feki. Ukifungua kaseti ya Game Boy kwa bisibisi yake maalumu ya milimita 3.8, halisi itakuonyesha bodi iliyoandikwa Nintendo. Ukikuta tone jeusi la gundi limefunika chipu, huenda umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hoja nzito zaidi dhidi ya wakusanyaji ni kwamba programu za kuiga mashine za zamani zinafanya kila kitu bure, sasa plastiki ya nini? Kama shida yako ni kucheza tu, hoja hiyo ina nguvu, ingawa kunakili gemu yenye hakimiliki bila ruhusa si halali katika nchi nyingi. Lakini utafiti wa Video Game History Foundation, uliotolewa 2023, ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena na wenye haki. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za Wii U na 3DS. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa ombi la kuruhusu maktaba zifungulie watafiti gemu zisizouzwa tena kupitia intaneti. Zikiwa njia hizo zimezibwa, nakala iliyo kwenye rafu ya mtu ndiyo mara nyingi nakala pekee halali ambayo mtu anaweza kuishika na kuicheza. Na nyingi kati ya hizo hazina jina kubwa, hivyo ni rahisi. Upande wetu wa Afrika Mashariki wengi hawakuwahi hata kugusa Nintendo halisi. Walicheza kwenye mashine za kuiga kutoka Asia, zenye kaseti iliyotangaza maelfu ya gemu huku ikirudia zilezile chache. Vitu hivyo vinaozea stoo, na sijui mnada unaovitaka. Kwa mtu wa historia vina maana kuliko boksi la milioni 2.

Kwa hiyo, kama una kiasi cha kutumia, achana na boksi zilizofungwa na majina ambayo kampuni zenyewe bado zinayauza. Nunua kaseti au diski iliyotumika, ya gemu isiyopatikana kwingine, omba ifunguliwe uione bodi kabla hujalipa, na utenge fedha ya betri na ya fundi. Ukishaipata, icheze.