Kwa nini umati huua langoni, na yanayofaa kupangwa mapema

Alfajiri ya tarehe 20 Oktoba 2023, watu 4 walifariki katika mkanyagano kwenye Uwanja wa Green mjini Kericho. Walikuwa wamefika mapema kuadhimisha Sikukuu ya Mashujaa, na sherehe zenyewe zilikuwa hazijaanza. Oktoba 2010, mashabiki 7 walipoteza maisha katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Machi 2021, jijini Dar es Salaam, watu 45 walifariki katika Uwanja wa Uhuru walikoenda kumuaga Rais John Magufuli. Visa vyote vitatu vilitokea watu waking'ang'ana kuingia.

Mkazi wa Ngoliba anaweza kusema hayo ni mambo ya viwanja vikubwa. Si kweli. Fainali ya kandanda ya wadi, krusedi, mazishi ya mtu anayejulikana na ugavi wa chakula cha msaada mara nyingi hufanyika katika uwanja wa shule au wa kanisa, wenye ua pande zote na lango moja. Uwanja mdogo hauna hatari ndogo. Hatari hutegemea idadi ya watu na upana wa njia.

Wengi hudhani wanaokufa katika mikasa hii hukanyagwa. Baadhi hukanyagwa, lakini wengi hufa wakiwa wamesimama, kwa kukosa pumzi. Wakiwa watu 2 au 3 katika mita moja ya mraba, kila mmoja anaweza kugeuka na kutembea atakako. Wakifika 5, ni bega kwa bega. Wakizidi 6, umati huanza kwenda kama maji: msukumo mdogo wa nyuma hupita mwili hadi mwili na kumfikia wa mbele ukiwa na nguvu nyingi, na kifua hukosa nafasi ya kupanuka. Aliye nyuma hajui lolote. Yeye anaona tu kwamba foleni imesimama, naye anasukuma. Ndiyo maana kumpigia kelele aliye mbele hakusaidii kitu. Kipaza sauti kielekezwe nyuma ya foleni, na mhudumu asimame huko huko, mahali anapoweza kuzuia watu wasiendelee kuongezeka.

Lango nalo lina hesabu yake, na si ngumu. Mwongozo wa usalama unaotumika katika viwanja vya michezo Uingereza unakadiria kwamba, kwenye ardhi tambarare, watu 82 hivi wanaweza kupita kwa dakika katika kila mita 1 ya upana wa njia. Lango la mita 4 litapitisha watu 328 kwa dakika, kwa hiyo watu 5,000 watahitaji robo saa kutoka. Ukifunga bawa moja la lango, au ukiruhusu bodaboda na muuza miwa kusimama pale, umefanya robo saa kuwa nusu saa. Hapo hatujahesabu mvua ya ghafla wala hofu. Kabla ya kukodi hema, mwandaaji apime lango, kisha afungue la pili upande mwingine na kuweka mtu mwenye ufunguo papo hapo muda wote.

Kuhusu sheria, Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inamtaka anayeandaa mkutano wa hadhara kumjulisha OCS kwa maandishi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya mkutano. Baadhi ya mikusanyiko, kama ile ya kidini na ya kijamii, haimo katika sharti hilo. Hata hivyo ni busara kumwambia OCS na chifu, kwa sababu polisi hawawezi kupangia umati wasioujua.

Wanaosahaulika zaidi ni wafanyakazi. Vijana wa hema hufika usiku wakiwa wamechoka, na nguzo ya chuma ikigusa waya wa stima hapana cha kuokoa: hema lisisimamishwe chini ya nyaya. Jenereta ikae mbali na watu, mahali penye hewa. Mlinzi wa lango asiachwe peke yake tangu alfajiri hadi jioni bila maji katika jua la huku kwetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, hata kwa muda tu, kwa hiyo uwanja uliokodiwa kwa siku moja nao umo. Mfanyakazi akiumia, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, pia ya 2007, inamtaka mwajiri kuripoti ajali hiyo ndani ya siku 7. Kumpa aliyeumia nauli ya kurudi nyumbani hakuondoi wajibu huo.

Gari la wagonjwa liegeshwe likielekea nje, na njia yake isiwe ile ya umati. Kutoka Ngoliba hadi Hospitali ya Thika Level 5 ni safari, na dakika zinazopotea langoni hazirudishwi na dereva.

Ukijikuta umebanwa, inua mikono mbele ya kifua kama bondia ili upate nafasi ya kupumua. Usiiname kuokota simu wala kiatu. Usishindane na msukumo. Ukipungua, sogea pembeni kwa mshazari kidogo kidogo. Mtoto mbebe juu, usimshike mkono tu. Aliyeanguka ainuliwe mara moja.

Polisi wanapatikana kwa simu 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa 1199. Nambari hizi ziandikwe langoni kwa herufi kubwa, pamoja na jina la mahali ili anayepiga simu aweze kueleza alipo.