Ubongo wa mzee na uvimbe usioonekana: Kwa nini seli mpya za neva hupungua?

Ukijikata kidole na kisu jikoni, kinakuwa chekundu, kinapata joto na kuvimba. Baada ya siku chache kinapona na uvimbe unaisha. Hiyo ni kinga ya mwili ikifanya kazi yake.

Kwenye ubongo wa mtu mwenye umri mkubwa mambo huwa tofauti kidogo. Uvimbe unaweza kuwepo bila jeraha, bila maumivu, na usiishe. Wanasayansi wengi wanaona hali hiyo ni moja ya sababu za ubongo kupunguza uzalishaji wa seli mpya za neva uzeeni.

Hapa hatuzungumzii uvimbe wa saratani, wala kichwa hakitutumki. Ni seli za kinga zinazokaa kwenye tahadhari muda wote huku zikimwaga kemikali taratibu.

Kwani ubongo huzalisha seli mpya?

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtu mzima hapati seli mpya za neva. Miaka ya 1960, mtafiti wa Marekani Joseph Altman aliona dalili za seli hizo kwa panya wakubwa, lakini wenzake wengi hawakumwamini.

Mwaka 1998, Peter Eriksson wa Sweden na Fred Gage wa Marekani walitoa ushahidi kwamba hata binadamu wazima wanazo. Huzaliwa kwenye hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, moja kila upande. Hiyo ndiyo inayokusaidia kukumbuka umeweka wapi funguo au ulizungumza na nani jana.

Mwaka 2013, watafiti wa taasisi ya Karolinska, Sweden, walikadiria kwamba kila hipokampasi hupata seli mpya kama 700 kwa siku. Walipima umri wa seli kwa kutumia alama za kaboni zilizoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia.

Si wote wanaokubali. Mwaka 2018, kundi la watafiti wa San Francisco lilisema halikuziona seli hizo kwa watu wazima. Mwaka mmoja baadaye, watafiti wa Madrid waliziona hata kwa watu waliopita miaka 80, na wakakuta zimepungua sana kwa wagonjwa wa Alzheimer.

Uvimbe unaingiaje hapo?

Ubongo una walinzi wake, seli zinazoitwa maikroglia. Ujanani hufagia uchafu, humeza seli zilizokufa na kupambana na vijidudu, kisha hutulia.

Umri unaposogea, walinzi hawa wanakuwa na wasiwasi. Ni kama mlinzi wa usiku anayepuliza filimbi kila paka akipita. Kila wanaposhtuka humwaga kemikali za kinga ziitwazo saitokini.

Kemikali hizo zikizidi, seli shina ambazo ndizo mama wa seli za neva hugawanyika kwa shida. Seli changa nazo nyingi hufa kabla hazijakomaa na kuunganishwa na nyingine.

Mwaka 2003, watafiti wa Stanford, Marekani, waliwasababishia panya uvimbe kwenye ubongo, na seli mpya zikapungua. Walipowapa dawa ya kupunguza uvimbe, uzalishaji ulirudi. Yaani kiwanda kilikuwa kimebanwa tu, hakikuwa kimekufa.

Shida haitoki ndani ya ubongo peke yake. Mwaka 2011, kundi lingine la Stanford liliunganisha mzunguko wa damu wa panya mzee na wa panya kijana. Kijana akaanza kuzalisha seli mpya chache. Kwa hiyo kinachozunguka kwenye damu, ubongo nao unakipata.

Basi nimeze dawa za kupunguza uvimbe?

Hapana. Jambo hilo lilishajaribiwa. Huko Marekani, zaidi ya watu 2,500 wenye miaka 70 na kuendelea waligawanywa: wengine walipewa naproksen au selekoksibu, wengine vidonge visivyo na dawa. Dawa zilisitishwa mwishoni mwa 2004 kwa hofu ya madhara ya moyo, na ufuatiliaji haukuonyesha kwamba zilizuia Alzheimer.

Diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa kila duka la dawa ni za kundi hilohilo. Kuzimeza kila siku bila ushauri wa daktari kunaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kuongeza hatari ya moyo.

Nini kinaweza kusaidia?

Kutembea. Panya wazee waliopewa gurudumu la kukimbilia walizalisha seli mpya nyingi kuliko waliokaa tu.

Kwa binadamu, utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2011 ulifuatilia wazee 120 kwa mwaka mmoja. Waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki, hipokampasi zao ziliongezeka ukubwa kwa asilimia 2. Waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu, zao zilipungua. Hilo halithibitishi kwamba seli mpya zilizaliwa, kwa sababu bado hakuna kipimo cha kuzihesabu kwa mtu aliye hai. Ila ni dalili nzuri.

Kudhibiti kisukari na shinikizo la damu na kuacha sigara nako kunahesabika. Yote matatu yamo kwenye orodha ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, iliyotolewa na jopo la jarida la Lancet mwaka 2024.

Usiseme "ni uzee tu"

Mzee akianza kupotea njia aliyoizoea, mpeleke hospitali. Wakati mwingine chanzo kinatibika, kama upungufu wa vitamini B12 au shida ya tezi la shingo.

Na akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, akachanganyikiwa au kuongea yasiyoeleweka, hiyo ni dharura. Malaria, nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kuuvuruga ubongo wa mzee hata kabla homa haijapanda. Usisubiri kesho.