Kabla ya kuagiza shangingi jipya, lisomwe daftari la safari



Nataka kuzungumza juu ya motokaa ambayo siku hizi si ngeni tena hapa Dodoma, kuanzia Mji wa Serikali kule Mtumba hadi viwanja vya Bunge. Nayo ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 300, hasa aina yake iitwayo GR Sport, ile iliyoandikwa TOYOTA kwa herufi kubwa puani badala ya kuwekwa nembo ya duara. Wananchi wameirithisha jina la waliotangulia: shangingi.

Wapo wanaoisifu kupita kiasi, na wapo wanaoitukana bila hata kuiona boneti ikifunguliwa. Mimi naona haki ni kuipima kwanza.

Gari hili lilitolewa na kiwanda mwaka 2021 kushika nafasi ya mfululizo wa 200, ile V8 iliyotawala barabara zetu tangu 2007. Silinda nane zimepunguzwa zikawa sita. Hata hivyo injini mpya ya dizeli ya lita 3.3, yenye turbo mbili, inatoa nguvu ya farasi 309, ambazo ni nyingi kuliko za ile V8 ya dizeli ya lita 4.5. Gia zake ni kumi na zinajibadili zenyewe. Uzito umepunguzwa kwa kiasi cha kilo 200, ingawa GR Sport bado ina zaidi ya tani mbili na nusu. Vile vyuma vya kuzuia gari lisilale upande kwenye kona hukazwa likiwa kwenye lami na kulegezwa likiingia kwenye mashimo, yote kwa amri ya kompyuta, na difu za mbele na nyuma hufungwa kwa kubonyeza swichi. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba hili ni pambo tupu. Kazi linaiweza, na mgongo wa abiria hauumii.

Kuhusu mafuta, kiwanda kinataja kama lita 9 kwa kila kilometa 100. Kwa hesabu hiyo, kilometa zipatazo 450 za kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni lita 40 hivi kwenda, na 40 nyingine kurudi. Lakini hiyo ni hesabu ya mwendo wa kupimia. Kwa mwendo tunaouona Kibaigwa na Gairo, taa zimewashwa mchana kweupe na mama wa vitunguu anakimbilia mtaroni, sidhani kama lita 9 zinatosha. Tena sheria ya 50 kwa saa penye makazi haikusema isipokuwa wenye haraka.

Sasa tujiulize, gari hili linakwenda wapi? Hapo ndipo penye shauri lenyewe, na ndipo wanaoagiza hawapatazami.

Sehemu kubwa ya safari za wakubwa wetu ni za lami. Lami inatoka Dodoma kwenda Morogoro, inakwenda Singida, inakwenda Iringa kwa kupitia Mtera, na tangu 2018 inakwenda Babati kwa kupitia Kondoa. Difu za kufungwa zina kazi gani juu ya lami? Kwa safari hizo Prado mpya, yenye injini ya dizeli ya lita 2.8 na silinda nne, inatosha na kubaki. Kwa safari ya Dar es Salaam hata Prado haihitajiki. Tangu Julai 2024 ipo treni ya umeme, inafika kilometa 160 kwa saa, na safari nzima haizidi sana saa nne. Mtu anapanda na mafaili yake, anasoma njiani, anashuka hajachoka. Kuna ugumu gani gari la ofisi ya kule likampokea stesheni?

Tuje kwenye vumbi, maana watetezi wa shangingi husema kwamba nchi hii si lami tu. Ni kweli. Anayeijua Bahi wakati wa masika, au mbuga za udongo mweusi unaonata kama ugali wa uwele, au makorongo ya mchanga ya Mpwapwa ambayo asubuhi ni makavu na jioni yanabeba miti, hawezi kubisha. Lakini huko shangingi halionekani sana. Huko utaikuta ile Land Cruiser ya mfululizo wa 70, hadtopu, ambayo wengine huiita mkonga kwa lile bomba lake la kuvutia hewa. Mfululizo huo ulianza mwaka 1984 na haujastaafu. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2 haina turbo, na nguvu yake haifiki hata nusu ya farasi za GR Sport. Inapanda mlima kwa kunung'unika. Nyuma ina springi za vyuma bapa, na aliyekaa pale kutoka Kongwa hadi Mlali anazijua kwa jina.

Lakini pampu yake ya dizeli inaendeshwa kwa gia za chuma, si kwa kompyuta. Dizeli ya kwenye dumu, ambayo ingeua noseli za injini mpya, yenyewe inaivumilia ikichujwa vizuri. Fundi wa wilayani anaifungua chini ya mbuyu kwa spana alizo nazo. GR Sport ikiwasha taa ya onyo huko Chemba itangoja kubebwa hadi mjini, apatikane mwenye mashine ya kuisoma. Ubora wa gari ni pamoja na siku linazokaa bila kutembea.

Pia pesa za GR Sport moja zinakaribia kutosha hadtopu mbili. Hadtopu ndiyo gari la wagonjwa katika wilaya zetu, ndiyo inayobeba chanjo, na ndiyo inayomfuata mama mjamzito aliyeshindwa kujifungua usiku, mvua ikinyesha.

Najua jibu litakalotolewa: kiongozi lazima awe na hadhi. Hoja hiyo ni ya zamani, tangu enzi za wabenzi. Ramani ya kwanza ya makao makuu haya, ya 1976, iliwaweka mbele waendao kwa miguu, wa baiskeli na wa mabasi. Waziri Mkuu mstaafu Ndugu Mizengo Pinda aliyapigia kelele mashangingi miaka ya 2008 na kuendelea. Juni 2022, Waziri wa Fedha Dkt. Mwigulu Nchemba alilieleza Bunge, hapa hapa Dodoma, mzigo wa gharama za magari ya Serikali, akapendekeza maofisa wakopeshwe wanunue yao. Kwa hiyo si mimi kabwela niliyeanza maneno haya. Ajabu ni kwamba kila likija toleo jipya tunaanza kujadili rangi.

Sisemi GR Sport isinunuliwe kabisa. Wapo wachache ambao kazi yao ni lami na pori kwa siku moja, pamoja na ulinzi, na hao wapewe. Wengine wote wapimwe kwa daftari la safari. Kila gari la Serikali lina daftari hilo, na dereva huandika humo alikotoka, alikokwenda na kilometa alizotembea. Kabla ofisi yoyote haijaomba shangingi jipya, ilete daftari la gari inalotaka kuliacha, la miaka miwili mizima, na mkaguzi apige mstari mwekundu chini ya kila safari iliyotoka nje ya lami. Halmashauri nazo zitangulie kufanya hivyo, na madiwani wasomewe hesabu hiyo kwenye kikao, kilometa kwa kilometa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Msomaji,
Kongwa, Dodoma.