Kipimo cha Mkojo kwa Mjamzito Hufichua Hali ya Mishipa ya Damu ya Figo

Mjamzito wa Ivuna, Wilaya ya Momba mkoani Songwe, anapohudhuria kliniki hupimwa shinikizo la damu na kutakiwa kutoa mkojo kidogo. Mtoa huduma huchovya kijiti cha kipimo ndani ya mkojo huo na kuangalia kama rangi yake imebadilika. Vipimo hivi viwili huchukua dakika chache, lakini hueleza hali ya mishipa midogo sana ya damu iliyomo ndani ya figo.

Wakazi wa Ivuna, eneo lililo katika bonde la Ziwa Rukwa, wamechemsha maji ya chemchemi zao kwa karne nyingi ili kupata chumvi. Figo nazo zina kazi ya kutenganisha: huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, hurudisha mwilini maji na chumvi vinavyohitajika, na hutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Kila figo ina wastani wa vichujio milioni moja viitwavyo nefroni.

Vichujio hivyo huundwa mtoto akiwa tumboni. Seli changa za figo hutoa protini inayochochea ukuaji wa mishipa ya damu, ambayo wanasayansi huitambua kwa kifupi kama VEGF. Protini hiyo huita seli za mishipa ya damu zikusanyike na kufanya kifundo cha kapilari ndani ya kila kichujio. Kazi ya kuunda nefroni hukamilika karibu na wiki ya 36 ya ujauzito, na baada ya hapo mwili hauongezi nyingine. Kwa sababu hiyo, mtoto anayezaliwa kabla ya wakati huweza kuanza maisha akiwa na nefroni chache.

Hata baada ya figo kukomaa, VEGF huendelea kutolewa ili kutunza kuta za kapilari hizo. Kinachotakiwa ni uwiano. Katika hatua za mwanzo za ugonjwa wa figo unaotokana na kisukari, protini hiyo huweza kuzidi na kusababisha mishipa kuvujisha. Ikipungua, kuta za kichujio huharibika na protini za damu hupenya hadi kwenye mkojo.

Upungufu huo ndio unaojitokeza katika hali inayotangulia kifafa cha mimba. Mwaka 2003, watafiti mjini Boston nchini Marekani walionesha kuwa kondo la nyuma lenye hitilafu humwaga kwa wingi katika damu ya mama protini nyingine iitwayo sFlt-1, ambayo huinasa VEGF na kuizuia kufanya kazi. Matokeo yake, shinikizo la damu hupanda na protini huonekana katika mkojo, kwa kawaida baada ya wiki ya 20 ya ujauzito.

Hatari iliyopo ni kwamba mama anaweza kujiona mzima wakati tatizo limekwishaanza. Aidha, tiba kamili hupatikana baada ya kujifungua na kondo kutoka, hivyo kugundua mapema humwezesha mtaalamu kudhibiti shinikizo, kuzuia degedege kwa dawa ya magnesiamu salfeti na kupanga muda salama wa uzazi. Kuchelewa huweza kugharimu maisha ya mama na mtoto.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza mahudhurio ya kliniki yasiyopungua nane, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo.

Mjamzito anayeumwa kichwa kikali, kuona ukungu, kuvimba uso au mikono ghafla, au kupata maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, anapaswa kufika katika kituo cha kutolea huduma za afya mara moja bila kusubiri tarehe ya kliniki. Familia nazo zinahimizwa kuandaa usafiri mapema.