Jinsi mbao za balsa zinavyofufua vita vya Rufiji mezani

WAGENI wanaozuru ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa huuona mzinga mkongwe wa Kijerumani, wakapigwa picha kando yake, kisha wakaenda zao. Wachache hutambua kwamba huo ni mmojawapo wa mizinga 10 ya Königsberg, manowari iliyoangamizwa katika delta ya Mto Rufiji, nchini Tanzania, mnamo Julai 1915.

Historia ya meli kama hiyo husomwa vitabuni. Hata hivyo, ipo njia nyingine ya kuichunguza, nayo ni michezo ya vita ya mezani. Katika michezo hii, washindani husogeza vielelezo vidogo vya meli au askari kwa kufuata kanuni zilizoandikwa, huku vipimo na dadu vikiamua nani amepigwa na nani amenusurika.

Mwandishi Mwingereza H.G. Wells alichapisha kanuni za mchezo wa aina hiyo, wa askari wa sanamu, mwaka wa 1913. Kwa upande wa vita vya baharini, Mmarekani Fletcher Pratt, aliyekuwa mwandishi wa historia, alitoa kanuni zake mwaka wa 1940. Pratt na wenzake jijini New York walichezea sakafuni, na meli zao walizichonga wenyewe kwa mbao za balsa, waya na pini.

Balsa ni mti wa misitu ya joto ya Amerika, na mbao zake nyingi zinazouzwa duniani hutoka Ecuador. Mti huo hukua upesi mno, na mbao zake ni nyepesi ajabu. Mita moja ya ujazo ya balsa iliyokauka huwa na uzani wa takriban kilo 160, ilhali maji ya ujazo huo yana kilo 1,000. Kwa sababu hiyo, fundi hahitaji msumeno wala mashine. Kiwembe, rula ya chuma, msasa na gundi nyeupe ya mbao vinamtosha.

Kazi huanza kwa hesabu wala si kwa kisu. Fundi huchagua kipimo, kwa mfano 1 kwa 600. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 na upana wa mita 13. Akigawanya kwa 600, anapata kielelezo chenye urefu wa sentimita 19 na upana wa zaidi kidogo ya sentimita 2. Meli nzima inaenea kiganjani.

Baada ya hapo huchora umbo la meli juu ya ubao, nyuzi za mbao zikielekea kutoka omo hadi tezi. Akizikata kinyume, omo litavunjika kwa kuguswa tu. Hukata polepole, mara kadhaa mahali pamoja, kwa kuwa kisu kikilazimishwa huibonyeza balsa badala ya kuikata. Sitaha za juu hupachikwa kwa vipande vyembamba, mmoja juu ya mwingine. Dohani tatu za Königsberg hutengenezwa kwa vijiti vya mviringo, milingoti kwa waya, nayo midomo ya mizinga kwa pini zilizokatwa vichwa.

Kosa la wengi wanaoanza ni kupaka rangi mara moja. Balsa ina vinyweleo vingi, nayo huinywa rangi na kubaki na manyoya manyoya. Fundi mwenye subira hutangulia kupaka vanishi au gundi iliyozimuliwa kwa maji, akaacha ikauke, akasugua kwa msasa laini, kisha akarudia. Ni hapo tu ndipo rangi ya kijivu inapotulia na mbao ikafanana na chuma.

Faida ya kazi hii yote hujitokeza mchezo unapoanza. Mnamo Septemba 20, 1914, Königsberg iliishambulia manowari ya Uingereza, Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa mitambo yake katika bandari ya Zanzibar. Mezani, meli hizo mbili hazionekani kutofautiana sana, kwani Pegasus ilikuwa na mizinga 8 dhidi ya 10. Lakini mizinga ya Wajerumani ilifika mbali zaidi. Mchezaji anayeishika Pegasus hugundua kwa uchungu kwamba anapigwa naye hawezi kujibu, kama walivyogundua mabaharia wa meli hiyo, ambao zaidi ya 30 kati yao waliuawa.

Kisa cha Rufiji kina funzo jingine. Vielelezo vya mezani kwa kawaida hukatwa sambamba na usawa wa maji ili vikae wima, hivyo sehemu inayozama haichongwi kabisa. Kumbe sehemu hiyo isiyoonekana ndiyo iliyoamua vita. Königsberg ilizama majini zaidi ya mita 5, ambazo kwa kipimo cha 1 kwa 600 ni karibu milimita 9. Ilijificha katika mikondo ya delta, nyuma ya mikoko, mahali ambapo manowari kubwa za Uingereza hazikuweza kuifuata.

Waingereza walilazimika kuleta Severn na Mersey, meli zilizoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil. Hizo zilizama chini ya mita 2 tu, yaani milimita 3 mezani. Zikisaidiwa na ndege iliyoelekeza makombora, ziliimaliza Königsberg Julai 11, 1915. Fundi asiyeandika kina cha kila meli katika kanuni zake atakuwa na vielelezo vya kupendeza na mchezo wa uongo.

Aidha, vita hivyo havikukomea majini. Wajerumani waliiopoa mizinga yote 10, wakaipachika magurudumu na kuitumia nchi kavu. Mizinga hiyo haikujisogeza yenyewe katika vichaka na matope. Majeshi ya pande zote mbili yaliwategemea wapagazi wa Kiafrika, na maelfu kwa maelfu yao walifariki, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Majina ya mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam yalitokana na kikosi cha wapagazi hao wa upande wa Waingereza.

Ni rahisi kuchonga mzinga na kuuweka mezani peke yake, kwa maana wapagazi hawang'ai kama manowari. Lakini kanuni inayouruhusu mzinga huo kuvuka meza bila watu wa kuuvuta ina kosa lile lile la meli isiyo na kina. Mchongaji makini atakata vijiti vingine vya balsa, avipe vichwa na mizigo, na kuvipanga mbele ya mzinga. Wakipungua, mzinga husimama, kama ulivyosimama ule wa Fort Jesus.