Kinjikitile wa Ngarambe na Kinjeketile wa jukwaani

Mwandishi akimchukua mtu aliyepata kuishi na kumfanya mhusika, wasomaji wengi humuuliza kwanza: je, ndivyo alivyokuwa? Swali ni la haki, ila halitufikishi mbali. Katika fasihi ya Kiswahili sioni kazi inayolidhihirisha hilo vizuri kuliko Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Wanahistoria humwandika mganga wa Ngarambe, aliyetoa maji ya dawa katika vita ya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, kwa jina la Kinjikitile Ngwale. Hussein ameandika Kinjeketile. Irabu mbili tu zimebadilika, nami huzisoma kama kizingiti: upande huu yuko mtu, upande ule yuko mhusika. Ninavyoona, mhusika wa namna hii apimwe kwa swali analotuwezesha kumuuliza yule mtu halisi, wala si kwa kufanana naye hatua kwa hatua.

Tuanze na mtu. Masimulizi ya wazee aliyoyakusanya mwanahistoria Gilbert Gwassa yanaeleza kwamba mwaka 1904 Kinjikitile alipandwa na pepo, akatambaa kwa tumbo hadi mtoni na kuzama, huku jamaa zake wakijaribu kumzuia wasiweze. Siku ya pili aliibuka mzima, nguo zake kavu. Watu wakamiminika Ngarambe kuchukua maji ya dawa, wakiamini kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Imani hiyo haikuota hewani: kulikuwa na kodi, viboko, na mashamba ya pamba ambamo watu walilimishwa kwa nguvu. Kinjikitile aliwataka wangoje, lakini Wamatumbi walichoka kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905 waliing'oa mipamba huko Nandete, na vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile. Shambulio la boma la Mahenge, ambako bunduki za rashasha ziliwafyeka wapiganaji waliokuwa wamenyunyiziwa maji, lilitokea tarehe 30 mwezi huohuo. Maana yake ni kwamba mganga huyu alikufa kabla dawa yake haijashindwa mbele ya macho ya umma.

Hapo ndipo Hussein alipotia mkono wake. Kinjeketile wa jukwaani hanyongwi mapema; anaachwa hai hadi wapiganaji wameshindwa, akiwa kifungoni. Kabla ya hapo shaka imekwisha kumwingia. Amegundua kwamba sauti iliyosema kupitia kinywa chake iliahidi kuwa watu watakuwa wana wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani watoke kwa bwana mmoja waingie kwa mwingine. Anaomba subira, lakini neno limeshamtoka na si lake tena. Mwishoni anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa yeye mwenyewe ndiye mwenye shaka kuliko wote. Kusogeza kifo mbele kwa muda mfupi namna hiyo ndiko kulikoizaa tamthilia. Historia ilimwondolea Kinjikitile nafasi ya kujibu swali zito kupita yote: kiongozi afanye nini pale imani iliyowaunganisha watu inapovunjika, ilhali sababu ya kuungana kwao bado ni ya haki? Hussein alimrudishia nafasi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuipotosha historia, na hofu yao ina msingi. Tamthilia hii imesomwa shuleni kwa miaka mingi, na mwanafunzi anaweza kumaliza masomo akimjua Kinjeketile bila kumjua kabisa Kinjikitile. Tena marehemu hawezi kujitetea. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad alifungwa na maisha ya Siti, na msomaji ana haki ya kumdai ukweli wake. Mtunzi wa tamthilia hadaiwi deni hilohilo, ila anadaiwa lingine: aseme waziwazi kwamba anabuni. Hussein alililipa, maana katika utangulizi alionya kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu. Lawama ningeiweka kwa anayeificha mipaka hiyo, au kwa anayefundisha kitabu akauruka utangulizi. Na waliokufa katika vita ile si watu wa kubuni: Wajerumani wenyewe walikadiria 75,000, naye Gwassa alifikisha kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata mashamba na maghala kuteketezwa. Mhusika anayewapeleka wasomaji kuiuliza hesabu hiyo hajawakosea heshima wafu.

Masimulizi ya wazee yalichapishwa na Gwassa na mwanahistoria mwenzake John Iliffe mwaka 1968, mwaka mmoja tu kabla ya tamthilia. Walimu wanaofundisha Kinjeketile wawawekee wanafunzi vitabu vyote viwili mezani, wawaache watafute wenyewe ni wapi mtu anaishia na mhusika anaanzia.